Mizani ya Asali

Muuzaji pale sokoni aliapa kwa mama yake mzazi:
wote wawili majike, dada, chukua bila wasiwasi.
Mwezi wa pili huu, na Tumbaku,
yule simbilisi mwekundu mwenye paja jeupe,
ameanza kukaa kama gunia lililoshushwa stesheni.

Mihayo humleta dukani kila Ijumaa akitoka shule,
ndani ya kapu, juu ya nyasi.
Natandika kitambaa kwenye sahani ya mizani,
mizani hii hii inayopima asali ya Sikonge,
na wateja wanasubiri, wanachungulia.
Gramu mia saba na ishirini.
Wiki iliyopita, mia sita tisini.
Ntungwa fundi baiskeli anasema: shibe hiyo.
Mnamlisha mchana kutwa, asinenepe?
Bi Sizya wa mkaa anasema: mtazame ubavuni.
Shibe huzunguka mwili mzima, mimba hutanuka pembeni,
kama punda aliyefungwa mizigo kulia na kushoto.

Mihayo anaandika. Daftari la hesabu, kurasa za nyuma:
uzito, maji, usingizi,
amemfukuza mwenzake mara tatu.
Mwenzake huyo jana tulimgeuza chali,
tukatazama vizuri, kisha tukatazamana.
Jike! Jike gani lile.
Sasa anaishi peke yake kwenye boksi la sabuni,
analalamika usiku kucha.

Usimbinye, namwambia. Vidole viwili tu,
kama unatafuta sarafu ndani ya unga.
Mkono wake unatulia chini ya tumbo.
Huko relini treni inapiga honi, Isevya nzima inaisikia,
nyuki wawili watatu wanazunguka ndoo.
Subiri.
Subiri tena.
"Mama, kuna kitu kimenikanyaga."

Naweka wangu. Kweli, kitu kidogo,
kigumu kama kokwa ya furu,
kinasogea, kinajificha.
Nimekaa na mkono pale kupita kiasi,
mpaka mteja akakohoa.

"Na mimi, ulinijuaje?"

Bila mizani, nasema. Kitete walinithibitishia baadaye.
Asubuhi moja nilifungua ndoo ya biashara,
harufu ya asali ikanipiga kama kofi,
nikakimbilia nyuma ya duka.
Mwezi mzima niliuza nimeziba pua kwa kanga,
watu wakadhani naidharau mali yangu mwenyewe.

Anatafakari. Anachovya kidole kwenye ndoo,
anampelekea Tumbaku puani.
Tumbaku anageuza uso.

Si dalili hiyo, mwanangu, hata dume angegeuza.
Lakini ameshaandika,
na amepigia mstari mara mbili.