Mistari Isiyochapwa

Picha aliyoleta Ajidiru ilikuwa ya kitambulisho,
ndogo kama kibiriti, kona moja imeliwa na gundi.
Mmweko wa kamera ulikunywa kila kivuli:
paji, pua, mashavu, vyote bapa
kama chapati iliyosahauliwa sahanini.
"Fulana arobaini," akasema.
"Ijumaa tunamjengea Anguzu kaburi la saruji."

Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Arua.
Jenereta la jirani likiguna, nafanya kazi;
likinyamaza, nangoja.
Siku hiyo liliguna.

Nikafuata ukingo wa uso, nukta kwa nukta,
nikavuta vipini mpaka taya likakubali kupinda.
Nikamwaga kahawia. Ikajaa vizuri.
Ikawa sinia. Haikuwa mtu.

Kivuli hakibandikwi kama kiraka cha suruali.
Ujue kwanza ngozi inapandia wapi, inashukia wapi.
Nikafungua tabaka jipya, kalamu nyembamba, buluu,
nikauliza: "Mama, hapa shavuni alikuwaje?"

Hakujibu kwa maneno.
Kidole gumba chake kilivuta vumbi la kioo
kutoka chini ya jicho, polepole,
kikazama,
kikaibuka karibu na sikio.
"Magego ya huku yaling'olewa. Akivuta kiko
yai lingekaa hapo."

Nikaufuata ule mfuo: mstari mmoja, wa pili, wa tisa,
kama afumaye kikapu, duara juu ya duara;
ukibana, umbo linaingia, ukilegeza, linatoka.
Puani ikapanda mgongo, ikateleza.
Pajini ikaachana, ikalala
kama matuta ya mihogo ya mtu asiye na haraka.
Jua nikaliweka kushoto, juu kidogo:
saa tatu asubuhi, mlangoni pa karakana yake ya baiskeli.

Kivuli cha kwanza, chepesi.
Cha pili ndani yake, kizito,
kingo zake zikiinama mistari inapoinama.
Shavu likazama.

Ajidiru akasukuma kiti nyuma.
"Mzime," akasema.
Kisha: "Hapana. Mwache."

Kabla ya kuchapa nilifumba jicho la tabaka la buluu.
Mistari ikaondoka kama jukwaa la mwashi, nyumba ikabaki.
Fulana arobaini zikatoka zikinuka wino wa moto,
na hakuna atakayejua shavu lile limesimamia nini.

Alilipa nusu.
Vumbi la kioo bado sijalipangusa.