Kidole Hakijatambuliwa

Jumuiya yetu ilikuwa kaunta buku moja,
jalada jekundu, kona zimeliwa na mende,
ukurasa wa arubaini na mbili una doa la mchuzi wa pweza
kwa kuwa siku ile Bi Mize alikataa nimwandike
kabla sijala.

Humo nikiandika nnavyojua:
Kombo Tani, mguu umevimba, anasema hauumi, muongo.
Mama yake Riziki kaamka vizuri, kanitukana kidogo.
Bi Mize: dawa za presha zipo. Chumvi hana.
Kagombana na jirani, usiulize.

Mfunguo Mosi akaja Haitham kutoka mjini
na vishikwambi sita ndani ya boksi la biskuti.
Kijana mpole, viatu vyake vikiyaogopa mawe yetu.
Akasema karatasi inachoka, karatasi inaungua,
karatasi haifiki Wete kabla yako wewe.
Kweli. Sikubisha.
Mwaka wa mafuriko si tulianika majina ya watu
juu ya kamba, kama nguo?

Nikajifunza. Gusa hapa. Telezesha.
Anaishi na nani? Chagua jibu moja.
Bi Mize anaishi na paka, na redio,
na mume aliyekwenda Mombasa akasahau njia.
Nikachagua: Peke yake.
Mashine ikaridhika.
Mimi nikameza mate.

Lakini haki nisiifiche:
kishikwambi hichi ndicho kilichopiga kengele
insulini ya yule mtoto wa Shumba ilipobaki ya siku mbili,
na kabla ya adhuhuri pikipiki ikafika na kisanduku cha barafu.
Kaunta buku langu halikupata hata siku moja kupiga kengele.

Kisha ikaja zamu ya posho,
na kile kidude cheusi chenye kioo kinachowaka kijani.
"Weka kidole, bibi."
Akaweka.
Kidole hakijatambuliwa. Jaribu tena.
Akapangusa kwa ncha ya kanga. Akaweka.
Jaribu tena.
Cha shahada. Cha kati. Mkono wa pili.
Haitham akapuliza kioo, akapaka mafuta ya nazi, akatoka jasho.
Jaribu tena.

Miaka thalathini na moja kaponda kokoto Micheweni,
nyundo kulia, jiwe kushoto.
Skuli ya Maziwang'ombe imesimama juu ya ncha za vidole vyake,
na msingi wa kituo cha afya,
na nusu ya barabara aliyopita Haitham kuja kwetu.
Mistari yote aliyozaliwa nayo imo mule,
ndani ya zege.

Bi Mize akakitazama kidude, hakukasirika.
"Basi kipelekeni kikaguse ukuta wa skuli," akasema.
"Mimi nipo kule."

Haitham hakucheka.
Akakaa juu ya kokoto na suruali yake ile ya pasi,
akapiga simu mjini. Mjini wakapiga kwengine.
Kwengine walikuwa wamekwenda kula.

Nikafungua mkoba, nikatoa kaunta buku
(tuliambiwa tuyachome; langu sikulichoma).
Ukurasa wa kumi na saba, mwaka tulioanza:
dole gumba la Bi Mize, wino wa buluu,
doa tupu, hata mstari mmoja haumo,
kama zambarau iliyokanyagwa.
Na chini yake mwandiko wangu:
Huyu ndiye. Namjua.

Haitham akaupiga picha ukurasa.
Posho ilikuja baada ya siku kumi na tisa,
na habari ya sukari ya siku hizo kumi na tisa
haimo kokote.

Siku hizi nakijaza kishikwambi usiku,
nimepanda juu ya rundo la mawe kutafuta mtandao.
Chini kabisa ya fomu pana kijisehemu,
Maelezo mengine (si lazima), herufi sitini tu.
Mimi nimekifanya lazima.
Jana niliandika:
Bi Mize: presha sawa. Chumvi kampa jirani. Wamepatana, usiul