Maswali ya Jikoni

Kutaisi, saa nne usiku. Lamara
amekaa wima kwenye kiti cha jikoni.
Blauzi ya kesho inaning'inia mlangoni,
kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi usiolingana.

Zurabi, mwanawe, ndiye meneja:
amefunga tai juu ya fulana,
anakohoa kidogo, kama wanavyokohoa wao.

"Kwa nini uliacha kazi?"
"Sikuiacha. Kiwanda cha soksi kilifungwa;
kazi ndiyo iliyoniacha mimi."
"Usiseme hivyo, mama. Sema: natafuta changamoto mpya."
"Changamoto ninazo. Natafuta mshahara."

Wanacheka mpaka birika linafurika.

"Udhaifu wako?"
Anaitazama mikono,
miaka ishirini na sita ya sindano.
"Nikiona mshono umepinda, sinyamazi."
Kalamu ya Zurabi inasimama.
"Hilo liseme. Hilo hilo, usilipambe."

Baadaye, tai ikifunguliwa,
mama anauliza alikoyatoa maswali yote haya.
Mwana anahesabu kimya kwa vidole:
vitano, halafu viwili.

Lamara hasemi neno.
Anatia uzi kwenye sindano, anaukata kwa meno.
"Na shati lako," anasema. "Lilete."