Kiti cha Torleif

Ukuta tumeupaka nyekundu ya pilipili iliyoiva,
pazia samawati, zulia kijani lenye kasuku saba.
Jirani Solveig alichungulia, akashika tama:
"Ragnhild, humu mnalalaje?"
Tunalala vizuri tu.

Dukani, hapa Bergen, mvua ikigonga kioo,
kijana muuzaji ananionyesha kijivu:
kijivu cha majivu, kijivu cha bahari ya Januari.
"Kiti kisishindane na ukuta, mama."

Kishindane, mwanangu, kipigane mieleka.
Torleif wangu macho yanamzimikia,
yamembakizia rangi zinazopiga kelele;
kijivu kwake ni mlango uliofungwa.
Juzi aliketi hewani, kando ya kiti cha zamani.
Akacheka yeye.
Mimi sikucheka.

Nikachukua cha manjano, manjano ya kiini cha yai,
mikono minene, miguu mifupi, kinachekesha kama bata.
Bei yake nisiulizwe.

Jioni alisimama mlangoni bila fimbo,
akapepesa macho, akanyoosha kidole:
"Nani kaacha taa ikiwaka pale?"
Akaiendea moja kwa moja,
akaikalia.