Mistari ya Nukta

Mtendaji wa kata kaniletea vyeti kumi na viwili
ndani ya bahasha ya kaki, na kalamu moja ya wino wa dhahabu.
"Wewe una mwandiko," akasema. "Kesho saa nne, usichelewe."
Mimi kazi yangu ni mitumbwi. Pale Mwaloni Kirumba
naandika ubavuni SUBIRA, MUNGU HALALI, DENI LA BABA,
herufi nene, hata mwenye jicho moja azisome akiwa mbali.
Karatasi inataka mkono mwingine.

Kila cheti kimekwisha chapwa: Kwa kutambua mchango wake katika
halafu nukta, nukta, nukta, urefu wa kidole cha kati.
Hapo ndipo niitie kazi ya mtu.

Nikaanza na Nyanjige Luhende.
Orodha inasema: Afya.
Herufi nne. Zilikaa vizuri, nafasi ikabaki.
Lakini mimi naishi Mabatini, kwenye mawe ya juu kabisa,
kule ambako bodaboda anakushusha chini na kukuambia pole,
na mwaka ule wa kipindupindu nilimsikia kabla sijamwona:
ndoo ya klorini ikigonga jiwe, ngo, ngo,
na magoti yake yakilia kama bawaba kavu.
Sisi tulimfungia mlango.
Akaacha dawa kizingitini, akateremka,
wala hakututaja kwa mtu.

Sumbuko Magesa: Fedha.
Daftari lake la misiba lina jalada la nailoni.
Shilingi mia ya yule kichaa wa sokoni imo, kwa jina na tarehe,
na chini yake elfu hamsini ya tajiri wa minofu,
mwandiko uleule, ukubwa uleule.

Tekla Kalokola na vijana wake: Mazingira.
Mto Mirongo unawajua. Kabla ya vuli wanaingia hadi kiunoni,
wanatoa magodoro, chupa, mbwa aliyekufa,
siku moja kabati zima na kufuli yake,
na watu darajani wanawacheka
huku wakitupa maganda.

Umeme ukakatika saa tatu.
Nikaendelea, tochi ya simu nimeing'ata kwa meno.

Cha mwisho: Bwire Majura. Uokoaji.
Kalamu ikagoma, na wino bado upo.
Bwire mwenyewe aliniambia siku moja, akikamua kaptula yake,
"Mimi sijaokoa mtu. Ninaowafikia wamekwisha kwenda.
Ninachookoa ni kaburi, mama apate pa kupalilia."
Ziwa halirudishi kwa hiari. Yeye hulidai
kwa pumzi moja na kamba kiunoni, bila senti,
na akitoka hanywi chai mpaka maiti afunikwe.
Niliandika Uokoaji. Ningefanyaje?
Orodha ina muhuri.

Kesho yake makofi, soda, picha.
Nyanjige alizitazama ngazi za jukwaa akakataa,
akaletewa cheti chake kitini.
Bwire akanifuata nje, penye kivuli cha tangi la maji,
kakishika chake kwa ncha za vidole
kama samaki mwenye miiba.
"Nisomee. Macho yangu ni ya majini tu."

Nikasoma. Jina lake, kata, tarehe.
Nilipofika kwenye nukta sikusimama.
Nikasoma kamba, nikasoma pumzi,
nikasoma ile alfajiri ya Luchelele
na wale ndugu wawili waliotoka wameshikana mikono,
nikasoma majina ya waliozikwa kwa sababu yake,
kidole changu kikienda na kurudi juu ya neno moja.

Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamishia upande wa sikio zima.
"Yote hayo yameingia hapa?"
"Yote. Nimeandika kwa herufi ndogo."
Akakitazama. Akakigeuza nyuma, kweupe.
"Na yule mtoto wa Bezi," akauliza, "yule niliyemkosa,
naye umemwandika?"