Geti si Lango

Januari nilimkuta Bodil dirishani,
blanketi magotini, chai imepoa.
Usiku mto Ouse ulikuwa umepanda ngazi,
umeingia baa ya chini bila hodi,
na mwenye baa, mabuti mpaka mapajani,
anacheka kama aliyekwisha mzoea mkwe mkorofi.
"Kwetu," Bodil akasema, "mto wa mjini tuliufukia.
Tukapitisha magari juu yake miaka na miaka,
halafu tukaona haya, tukaufukua."
Nikampima presha. Nikaandika namba.
Kwenu wapi?
"Aarhus," akasema,
neno likamtoka kama pumzi
ya mtu anayepuliza uji wa moto.

Ofisi hunilipa nusu saa kwa kila mzee.
Robo ikaenda kwenye vidonge na soksi.
Robo iliyobaki tukaanza kusafiri.

Machi, kuta za York zilipomwagikiwa manjano,
maua yameshika tarumbeta zao kwenye mteremko,
nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi Micklegate,
nikawa naangaza macho, natafuta geti.
Mimi mtu wa Pangani, geti nalijua:
la chuma, lina kufuli,
lina mlinzi anayekuuliza unamtaka nani.
"Siyo," akasema, kidole hewani.
"Wadenmaki waliukaa mji huu karne nyingi nyuma.
Neno ni letu, wenyeji wamelisahau mdomoni.
Geti si lango, binti. Geti ni njia."

Basi nikatembea juu ya neno lake
mpaka chini, magurudumu yakigongagonga mawe.

Juni tukakaa Bustani ya Makumbusho.
Bata bukini akaninyang'anya andazi,
andazi nililolikaanga mwenyewe, lenye iliki!
Bodil akacheka hadi meno yakalegea.
Akanionyesha, pale pale kwenye nyasi,
msitu unaoshuka mpaka ufukweni,
na kulungu wanaokula karoti kiganjani
bila kumuuliza mtu pasipoti.
Nikachungulia. Niliona watoto wa shule
na mwanamume amelala, kofia usoni.
Nikasema, ndiyo, yule mdogo ana madoa.

Agosti akataka rangi ya mdomo.
Kwao ni wiki ya ngoma na maigizo barabarani,
na hawezi, akasema, kwenda amepauka.

Kisha mpwa wake, Troels, akaleta kadi:
juu ya paa la jumba la sanaa, duara la kioo,
watu wanatembea ndani ya upinde wa mvua.
Lilijengwa yeye keshaondoka.
Akaitazama kadi hiyo siku tatu.
Siku ya nne nikamkuta na kopo la chokoleti,
ametoa makaratasi yote, mekundu, kijani, zambarau,
anayalamba na kuyabandika kwenye kioo cha dirisha.
Nikamshika kwapa. Tukatembea,
kutoka kabatini hadi kwenye redio,
uso wake ukiwa machungwa, kisha bahari,
kisha damu ya mzee, kisha jani.
Tukarudi. Tukatembea tena.
Nilichelewa kwa Bwana Ackroyd dakika arobaini
na nikakatwa.

Oktoba siikumbuki. Nilikuwa zamu za usiku.

Desemba Kiingereza kilimhama.
Kilitoka kama mpangaji, kikaacha funguo mezani.
Akabaki na Kidenmaki, anakimimina tu,
nami, kwa kukosa pa kusimama,
nikamjibu kwa Kiswahili.
Nikamweleza kivuko cha Pangani kinavyogoma,
mama anavyogombana na kuku wa jirani.
Akaitikia kwa kichwa mahali panapostahili.
Sijapata kueleweka vile tangu nishuke ndege.

Leo Januari tena. Mto unapanda.
Aarhus sijafika, nauli haijatosha,
ila nikiachwa pale gizani kwenye daraja
najua kushoto ni wapi.
Karatasi yake moja ya kijani ingali kiooni.

Kwenye fomu ya mwaka, mbele ya swali
"Mteja alitoka nje ya mji mara ngapi?"
nimeandika, kwa mwandiko mzuri:
hakutoka.