Kibanzi, Toleo la Tisa

Skana ya chuo ina taa ya kijani
inayotembea chini ya kioo polepole
kama mtu anayetafuta sindano mkekani.
Naweka karatasi. Nasubiri. Nageuza.
Leo ni gazeti la wanachuo, Kibanzi,
lililochapwa kwa stensili, bei senti thelathini,
wino umepauka, umekuwa rangi ya chai ya bwenini
(na chai yenyewe imelalamikiwa, ukurasa wa pili).

Kabla yake nilimaliza tasnifu za mikorosho:
ubwiriunga Nanyamba, ubwiriunga Tandahimba,
majedwali, salfa kilo ngapi kwa mche,
na "mhojiwa namba kumi na nne, mwanamke,
umri haujui," aliyemwambia mtafiti:
Mti hauugui peke yake, mwanangu, andika hivyo.
Akaandika hivyo. Kiambatisho cha tatu.
Jina lake hakuliandika.

Kompyuta husoma baada yangu.
Haijui Kiswahili, inajua maumbo tu,
na kila mchwa alipotoboa duara
yenyewe inaona herufi o.
Kwa hiyo mwaka ule, kwa mujibu wa mashine,
wanachuo walilala na njoa,
mkuu wa chuo aliitwa Bwona,
na timu ya Ligula ikafungwa mobao matatu.
Nasahihisha. Moja moja. Nafuta o, naweka a.
Mchwa wa Mtwara wamehariri miaka arobaini
bila posho. Mimi nalipwa kwa siku.

Ukurasa wa tatu ulinishinda.
Hapa si mchwa. Mchwa hana rula.
Hapa umepita mkasi, pembe nne zilizonyooka,
sentimita saba kwa kumi na moja,
na kupitia dirisha hilo unauona ukurasa wa tano:
bei ya mafuta ya taa, na nusu ya kitendawili.
Chini ya dirisha limebaki jina: Nungunungu.
Maneno yamekwenda, jina limekaa
kama kandambili nje ya chumba kitupu.

Umeme ukakatika.
Gesi inachakatwa hapo Madimba tu, bomba linakwenda mbali,
sisi tukawasha tochi za simu.
Kwa mwanga huo nikapekua daftari la wahitimu,
nikauliza huku, nikaelekezwa kule,
siku ya tatu nikapata sauti, Newala,
mwalimu mstaafu mwenye kikohozi cha baridi ya mlimani.

"Nungunungu? Nani kakwambia?"
Nikamweleza habari za mchwa na mashine.
Alicheka sana. Kisha hakucheka.
"Nakumbuka barua ya kunisimamisha.
Nakumbuka lori lililonirudisha, nimekalia gunia la chumvi.
Mama hakuuliza kitu, akanipa jembe.
Nilichoandika sikikumbuki, binti.
Hata mstari mmoja.
Labda ni maharage yenye dumuzi.
Labda ni zaidi ya maharage."

Nilikuwa nimemtegemea yeye.
Nilidhani kila kilichokatwa
kuna mtu mahali fulani amekikunja, amekiweka.

Kwenye fomu kuna kisanduku: Maelezo.
Nikaandika: pamekatwa, si mchwa.
Kuna kisanduku: Mwandishi.
"Niweke Nungunungu, mwalimu, au niweke jina?"
Nikasikia kuku wa kwake, mlango, mtu akipita na ndoo.
"Wakati ule niliogopa," akasema. "Andika."
Akanitajia herufi taratibu, kwa sauti ya ubaoni,
kama vile nipo darasa la kwanza na chaki imebaki kipande:
"Dezideri. Umeandika? Halafu Hokororo.
He. O. Ke. O. Re. O. Re. O.
O ziko nne, binti, zihesabu.
Hizo usizisahihishe."